Simba wa Kenya alizaliwa kwetu Kericho. Sasa injini iko mikononi mwa nani?

Leo nimeandika kitu kirefu kidogo, kwa hivyo kama uko steji unangoja matatu ya Litein ijae, umefika mahali pako.

Kila Safari Rally ikikaribia, vijana wa Kericho na Bomet tunajipanga kwenda Naivasha. Tunachanga mafuta, tunabeba blanketi, mtu anabeba mursik kwa sotet, na tunaenda kuketi kwenye vumbi kuangalia Wafini, Wafaransa na Wajapani wakipita. Tunapiga picha, tunarudi na mafua, basi. Tunaenda kama wageni walioalikwa harusi ya jirani. Na hilo ndilo linanikera, kwa sababu jina kubwa kuliko yote katika hii rally lilianzia hapa kwetu kwenye majani chai.

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Ndiyo, huyo huyo aliyeitwa Simba wa Kenya. Alishinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Uliza watu kumi pale mjini Kericho kama wanajua hilo, na nakuhakikishia wanane watakuambia alikuwa wa Nairobi. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa nimeshamaliza shule, na si mwalimu aliniambia. Ni mjomba wangu, fundi, ambaye gereji yake iko nyuma ya soko. Alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana, akasema: "Wewe unapenda kuongea ongea kwa simu, kwa nini huongei juu ya yule Kalasinga wa hapa?"

Basi naongea. Lakini sitaki kuandika sifa za marehemu tu. Nataka kufuata kitu kimoja: nani anaamuru injini. Nikimaanisha ni nani anaamua petroli kiasi gani iingie, hewa kiasi gani, nguvu itoke saa ngapi. Ukifuata hilo swali kutoka 1965 mpaka yale magari ya haibridi tuliyoyaona Naivasha kati ya 2022 na 2024, unaona kitu ambacho kinatuhusu sisi hapa kuliko matokeo ya mbio.

Tuanze na Joginder. Kabla ya kuwa dereva wa kutajwa redioni alikuwa fundi. Alifanya kazi na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, ile kazi ya kuzunguka barabarani kusaidia watu waliokwama. Hebu fikiria shule hiyo. Kila siku unakutana na gari usiyoijua, imekufa mahali usipopajua, na mwenye gari amekukazia macho. Ukifanya hivyo miaka kadhaa, hakuna mlio wa injini utakaokushtua.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544. Haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika na timu ya kiwanda kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, ikaachwa huku, wao wakaichukua na kuitengeneza. Wakashinda. Yaani gari ya mitumba, kwa lugha yetu ya leo, iliwashinda wenye timu kutoka ng'ambo. Mwaka 1974 akarudia na Mitsubishi Lancer, nyuma yake akiwa Björn Waldegård na Porsche 911. Mwaka 1976 tena Lancer, na Mitsubishi wakachukua nafasi tatu za kwanza. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari 22 na akamaliza 19. Hiyo namba ya mwisho ndiyo naipenda zaidi. Kushinda kunaweza kuwa bahati ya siku moja. Kumaliza mara 19 katika mashindano ambayo mwaka 1968 yalianza na magari 93 yakamaliza 7, hapo hakuna bahati.

Sasa, injini ya Volvo ile ilikuwa na kabureta. Wale wadogo zangu ambao mmeanza na magari ya kompyuta, kabureta ni kikombe cha chuma kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwa injini. Haina akili. Inafuata vitundu na sindano ulizoiwekea, basi. Na hapo ndipo mwinuko wa kwetu unaingia.

Kericho mjini tuko kwa mita kama 2,000 hivi juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi. Ukilinganisha na Mombasa, karibu moja ya tano haipo. Injini inavuta pumzi ile ile lakini inapata hewa kidogo. Kabureta iliyotegwa Mombasa haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ya Mombasa. Matokeo ni moshi mweusi, plagi zinajaa masizi, gari inakohoa ikipanda kilima. Ukiitega vizuri huku juu halafu ukashuka pwani, inakuwa kinyume: petroli inakuwa kidogo kwa hewa, injini inapata joto, na ukizidi kuikanyaga unaweza kutoboa pistoni.

Na Safari ya zamani ilipanda na kushuka. Ilianza 1953, enzi za mkoloni, na kwa miaka mingi ilizunguka nchi za Afrika Mashariki, milimani hadi pwani, wakati wa Pasaka mvua ikinyesha. Kwa hivyo dereva alikuwa anafanya kazi ya kompyuta. Anasikiliza. Anaangalia rangi ya plagi. Anajua leo tunapanda, punguza; kesho tunashuka, ongeza. Mtu aliyezaliwa kwenye mwinuko huu na akafanya ufundi barabarani alikuwa na hicho kitu ndani ya masikio. Mimi sidhani ni ajabu kwamba mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu alikuwa fundi. Ingekuwa ajabu angekuwa mtu wa ofisi.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuhama, polepole. Peugeot 404 zilizoshinda 1966, 1967 na 1968 zilikuwa na pampu ya kuingiza petroli badala ya kabureta. Bado ni chuma kitupu, bado fundi anaweza kuifungua, lakini tayari kuna mtu wa kiwandani ambaye ameamua kabla yako. Halafu 1984 Waldegård akashinda na Toyota Celica ya turbo, gari ya kwanza ya turbo kushinda Safari. (Turbo, si Turbo ile ya kule Uasin Gishu.) Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini na kusukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa mwinuko wa kwetu ni dawa: kama hewa ni nyepesi, wewe ishindilie. Toyota wakachukua pia 1985 na 1986.

Lakini turbo ina kiburi. Ukitoa mguu kwa aksileta, moshi unapungua, feni inalegea, na ukikanyaga tena unangoja. Kwenye kona ya rally huo muda wa kungoja ni mrefu kama ibada. Wahandisi wakatafuta njia: dereva akitoa mguu, kompyuta inaendelea kupeleka petroli na hewa kidogo ili iwake kwenye bomba la moshi na kuifanya feni isilale. Ile milio ya pa-pa-pa kama risasi unayosikia gari ya rally ikifunga breki, ndiyo hiyo. Wengi hudhani gari ina shida. Haina shida, ni kompyuta inachoma petroli makusudi. Na hapo, wapendwa, mguu wa dereva ukaacha kuwa amri. Ukawa ombi. Dereva anatoa mguu akimaanisha "punguza", na sanduku linasema "nimekusikia, lakini nina mipango yangu".

Wenye mashindano wakaona nguvu inazidi, wakaweka kizuizi: pete kwenye mdomo wa turbo, hewa yote lazima ipite kwa kitundu cha ukubwa fulani. Mwaka 1995, kwenye rally ya Catalonia huko Hispania, Toyota wakakamatwa. Walikuwa wametengeneza pete ambayo ikifungwa kwenye gari inasogea na kuruhusu hewa ipite pembeni, na ikifunguliwa kukaguliwa inarudi kuwa mtakatifu. Wakafungiwa miezi 12. Nimeitaja si kwa sababu ya udaku, ingawa udaku wake ni mtamu. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kufikia wakati huo, ushindi ulikuwa unaweza kujificha ndani ya milimita chache ambazo dereva hazioni na mtazamaji hawezi hata kuzifikiria.

Safari ikatolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021. Ogier akashinda ule mwaka na gari isiyo ya haibridi. Mwaka uliofuata, 2022, ndiyo ikaja Rally1, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu watu wengi waliangalia yale magari bila kujua yalikuwa yanafanya nini.

Rally1 ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye turbo. Nyuma, chini, kulikuwa na boksi lenye mota ya umeme ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9. Vyote pamoja uzito wake ulikaribia kilo 90, kama gunia la mahindi lililofungwa nyuma ya gari. Injini na mota vikisukuma pamoja ulikuwa unapata zaidi ya nguvu 500 za farasi. Piga hesabu ya karatasi: betri ya 3.9 ikitoa 100 inaisha kwa dakika mbili na sekunde kama ishirini. Kedong peke yake ilikuwa kilomita 31, zaidi ya robo saa ya kukimbia. Kwa hivyo huwezi tu kuwasha umeme na kuachilia. Lazima uvune na utumie, uvune na utumie.

Kuvuna kunafanyika kwenye breki. Dereva akifunga breki au akitoa mguu, mota inageuka kuwa jenereta, inazuia gari na kurudisha umeme kwa betri. Akivuna kiasi kilichowekwa na kanuni, anapewa haki ya kusukumwa na umeme mara nyingine atakapokanyaga aksileta. Haikuwa kitufe cha kubonyeza kama kwenye filamu. Ilikuwa ramani: wahandisi wameandika kabla ya kuanza kwamba kwenye aina hii ya barabara, umeme utoke kwa kasi gani, kwa muda gani, uishe vipi. Barabara ya kona nyingi inataka msukumo mfupi wenye nguvu. Barabara ndefu iliyonyooka inataka mwingine. Dereva anachagua ramani, halafu anajifunza kuendesha ile ramani. Wengi walilazimika kubadilisha namna ya kufunga breki, kwa sababu breki iliyofungwa vibaya ilikuwa ni umeme uliopotea.

Sasa sikia hii. Niliposema turbo ni dawa ya mwinuko, sikumaliza. Ile pete ya kizuizi, kwenye Rally1 ilikuwa na upana wa milimita 36. Hewa nyepesi ikipita kwenye kitundu kile kile, kinachoingia ndani ni kidogo, hata turbo ikazane vipi. Kwa hivyo Naivasha, ambako ni mita karibu 1,900, injini ya petroli ilikuwa inanyimwa. Lakini mota ya umeme haipumui. Kilowati 100 za Monte Carlo karibu na bahari ni kilowati 100 za Elmenteita. Maana yake, kati ya rally za dunia, huku kwetu ni miongoni mwa mahali ambapo ule umeme ulikuwa na sehemu kubwa zaidi ya kazi. Hilo silioni likisemwa sana. Watu walizungumza juu ya vumbi, mawe na pundamilia. Mimi nadhani hadithi kubwa ilikuwa hewa.

Juni 2023 nilikwenda. Sisi wa Kericho hatuna haja ya kufika Naivasha, tunashukia Elmenteita. Tulikuwa watano kwenye Probox, Jumamosi alfajiri, baridi ya kukata masikio. Zikaanza kupita. Unasikia kwanza helikopta, halafu ile milio ya risasi, halafu gari inatokea kwenye vumbi, na inapotoka kwenye kona kuna kitu cha ziada, msukumo ambao hauendani na sauti. Sauti inasema gari inakwenda mwendo fulani, macho yanasema inakwenda zaidi. Huo ndio umeme. Nilikuwa nimesoma, lakini kusoma si kuona. Na wale waliofika kwenye kambi ya timu pale Naivasha waliniambia kilichowashangaza zaidi ni ukimya: magari yanaingia kwa umeme mtupu, kama baiskeli, unasikia mawe tu chini ya matairi.

Toyota walichukua nafasi nne za kwanza mwaka huo, kama walivyofanya 2022. Ogier akashinda.

Lakini nikiwa pale nilikuwa na kitu kingine kichwani. Mwezi mmoja kabla, Mei 2023, waandamanaji hapa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai. Mtakumbuka video. Mama yangu alichuma chai miaka kumi na tisa. Vidole vyake hata akioga vinabaki na ile rangi. Mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na wale watu hawakuulizwa. Siandiki hapa kuhalalisha moto, kuna mtu alipoteza maisha kwenye zile vurugu na hilo si jambo la kushangilia. Ninasema tu kwamba ndani ya siku kama thelathini niliona mashine zikichomwa Kericho na mashine zikishangiliwa Elmenteita, na watu walioshangilia ni walewale. Mimi mmoja wao.

Nikamuuliza mjomba tofauti ni nini. Akasema tofauti ni kwamba ile ya Elmenteita haijachukua kazi ya mtu. Nikamwambia imechukua: imechukua kazi ya Joginder. Akanyamaza. Halafu akacheka, akasema nimeanza kuongea kama wakili wa Bomet.

Lakini sikuwa natania. Lile boksi la haibridi lilikuwa limefungwa na kutiwa muhuri. Wote walipewa la aina moja kutoka kwa kampuni moja ya Ujerumani, Compact Dynamics, na fundi wa timu, hata awe bingwa wa dunia wa ufundi, hakuruhusiwa kulifungua. Likipata shida, linatolewa zima, linawekwa lingine, na bovu linarudishwa kwao. Sababu zilikuwepo na zina maana: umeme wa mamia ya volti unaua, ndiyo maana yale magari yalikuwa na taa ya kijani na nyekundu kuwaambia watu kama ni salama kuyagusa. Na kufunga boksi kunazuia ujanja wa aina ya 1995. Sawa. Ila weka pembeni picha mbili. 1965, fundi aliyezaliwa Kericho ananunua gari iliyotumika, anaifungua yote, anaifunga, anashinda dunia. 2023, hata fundi wa Toyota haruhusiwi kufungua. Mtoto wa Kericho wa leo angepitia mlango gani?

Nafahamu mtaniambia kuna vijana wa Kenya wanaendesha, na ni kweli, tena wanaendesha vizuri, kwenye magari ya ngazi za chini ya Rally1. Nazungumzia mlango wa gereji, si wa kiti cha dereva.

Halafu wakaiondoa! Novemba 2024 FIA ikatangaza kwamba kuanzia 2025 Rally1 zitakimbia bila haibridi. Gharama ya zile boksi ilikuwa imewachosha. Uzito wa chini wa gari ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na ile pete ya hewa ikabanwa kutoka milimita 36 hadi 35 ili nguvu iendane na wepesi. Machi 2025 Elfyn Evans akashinda Safari na Toyota isiyo na mota ya umeme. Tope, mvua, injini, turbo, basi. Miaka mitatu ya haibridi ikawa imekwenda na Safari tatu tu: Rovanperä 2022, Ogier 2023, Rovanperä tena 2024.

Kuna marafiki zangu walifurahi. "Rally imerudi kuwa rally." Mimi sikufurahi sana, na nitaeleza kwa nini.

Wazungu wanaweza kuweka haibridi na kuitoa wanavyotaka kwenye mashindano. Sisi hatuwezi kuitoa barabarani. Tembea kutoka Kericho upite Litein, Kapkatet, Sotik hadi Bomet ukihesabu Aqua, Fielder za haibridi na Honda Fit. Zinakuja kwa sababu mafuta ni ghali na zinakula kidogo. Sheria yetu inaruhusu gari ya mitumba isiyozidi miaka minane, na Wajapani wamekuwa wakitengeneza haibridi kwa wingi, kwa hivyo zitazidi kuja. Na kazi inayofanyika ndani ya Aqua ni ile ile ya Rally1, ila kwa heshima na upole: ukishuka kutoka Kericho kupitia Kapsoit kwenda Awasi, mota inavuna kwenye breki mpaka betri inajaa kabla hujafika bondeni, ukirudi kupanda, inakurudishia. Kompyuta ndiyo inaamua saa ngapi petroli, saa ngapi umeme. Mwinuko wetu ni uwanja wa haibridi kuliko hata Naivasha. Ni panda-shuka siku nzima.

Na mafundi wetu wanaogopa kuigusa.

Binamu yangu ana Aqua, anafanya nayo teksi. Mwaka jana ikaanza kuwasha taa nyekundu ya pembetatu kwenye dashibodi, hasa saa za mchana akiwa amebeba watu. Ikipoa inarudi sawa. Akaipeleka gereji moja kwenye mji mkubwa, sitaitaja. Wakaichomeka mashine ya kusoma makosa, wakamwambia betri yote imekufa, wakamtajia bei ambayo ni karibu robo ya pesa aliyonunulia gari. Hakuambiwa kitu kingine. Hakuonyeshwa kilichoandikwa kwenye ile skrini. Akarudi nyumbani akitaka kuiuza.

Mjomba akasema ailete kabla hajaiuza. Sasa mjomba ni mtu wa kabureta na dizeli. Lakini mimi nilikuwa nimenunua kile kidude cha kusoma makosa kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, bei yake si mbaya, kwa sababu nilitaka kutengenezea video. Tukachomeka. Tukapanda na gari kuelekea juu huku mimi nasoma namba. Injini sawa. Volti za betri sawa, zinakwenda pamoja. Joto la betri, hapana. Lilikuwa linapanda, linapanda, halishuki hata tukisimama.

Mjomba akauliza: "Hiyo betri inapumua wapi?"

Hilo ndilo swali. Hakujua jibu, lakini alijua swali. Miaka arobaini ya kutafuta hewa inaingia wapi kwenye injini ilimfundisha kwamba chochote kinachopata joto lazima kipumue mahali. Mimi nikatafuta kwenye simu. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na kuna kitundu chenye wavu pembeni ya kiti kinachovuta hewa kwa feni ndogo. Tukazima, tukachomoa plagi ya usalama ya umeme mkubwa kama maelekezo yalivyosema, na glavu, na kungoja dakika kumi. Tukafungua. Ile feni ilikuwa imevaa koti. Vumbi jekundu la barabara za kwetu, nyuzi za blanketi, na manyoya ambayo naamini ni ya kuku, kwa sababu binamu hubeba chochote kinacholipa. Vumbi lile lile laini kama unga wa wimbi ambalo timu za Safari huyatolea magari yao mabomba marefu ya kuvutia hewa juu, wakwepe maji na vumbi.

Tukapuliza, tukaosha wavu, tukarudisha. Joto likashuka. Ile taa haijawaka tena mpaka leo ninapoandika. Gharama ilikuwa soda mbili na chapati, na mjomba alidai chapati ya tatu.

Sisemi kila Aqua yenye taa nyekundu ni vumbi. Betri hufa kweli, na ile yenye umeme mkubwa usiiguse kama hujafundishwa, nisije nikalaumiwa. Ninachosema ni kwamba mjomba na mimi tukiwa pamoja tulikuwa nusu na nusu ya fundi mmoja. Yeye ana sikio na swali, mimi nina simu na namba. Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu mbili bado vina vijana wengi wanaofungua injini ya zamani isiyo na waya hata mmoja wa kompyuta, wanafuzu, wanatoka nje wanakuta Aqua. Wakati huo huo mashine za chai ziko shambani, zina injini, zina mifumo yake ya kuamuru, na zikiharibika fundi anaitwa kutoka mbali. Kama zilikuwa zije, na zimekuja, angalau mikono ya kuzifungua ingekuwa ya watoto wa wale waliokuwa wanachuma. Kiongozi yeyote wa Kericho au Bomet anayesoma hii aje anieleze ni lini mara ya mwisho alinunulia chuo gari moja ya haibridi ya kufungua. Moja tu. Hata iliyopata ajali.

Joginder alifariki Oktoba 2013 huko London. Mjini kwetu sijaona barabara wala uwanja wenye jina lake, na kama kuna ukuta wowote umeandikwa, nionyesheni nikaupige picha. Mjomba anasema barabara haina maana, wampe jina la karakana.

Binamu amekataa kuiuza Aqua. Jumamosi tunaifungua tena, safari hii na vijana wanne wa gereji za jirani ambao wamesema wanataka kuona hiyo feni iko wapi. Video nitaweka Jumapili jioni, stima ikiwepo.